HEWA NAYO NI MZIGO

Ndugu wafanyakazi,

Barua ya uongozi wa shamba ilikuwa fupi. Ilisema kwamba lori lililoanguka na wenzetu liliangushwa na upepo wa ghafla. Kwamba upepo ni kazi ya Mungu na hakuna mwanadamu awezaye kuuzuia. Na kwamba, kwa sababu hiyo, kampuni haioni haja ya kubadili utaratibu wa kuwasafirisha wafanyakazi. Mwisho ilitupa pole.

Pole tumeipokea. Hoja hatuikubali, na leo tunataka kueleza kwa nini.

Habari yenyewe ni hii. Lori lilikuwa limekwisha kupeleka majani kiwandani. Likarudi tupu, likapakia wachumaji wa zamu ya mchana, wote wakiwa wamesimama, turubai limefungwa juu ya vyuma. Dereva alikuwa amekwisha kukaripiwa asubuhi kwa kuchelewa. Barabara inapita mgongoni mwa kilima, na kwa sehemu kubwa imekingwa na miti ya mikaratusi. Pale miti inapokwisha, dhoruba ililipiga lori ubavuni. Dereva akavuta usukani, magurudumu ya upande mmoja yakatoka barabarani, lori likalala. Wenzetu wanne waliumia. Mmoja wao, mama mchuma chai wa miaka mingi, hadi leo mkono wake wa kulia hauinuki kufika begani. Mwenye kujua kazi ya kuchuma anajua maana ya maneno hayo.

Ndiyo, upepo ulikuwapo. Lakini upepo si jini. Upepo una kanuni zake, na kanuni hizo zinajulikana, zinahesabika, na wako watu wanaolipwa vizuri kuzihesabu. Jambo la ajabu ni kwamba zinapohusu medali au petroli wakubwa wanazijua sana. Zinapohusu mgongo wa mfanyakazi, mara upepo unakuwa siri ya Mungu.

Tuanze na hewa yenyewe. Wengi wetu tumezoea kusema kitu fulani ni chepesi kama hewa. Waulizeni wenzetu wa kiwandani wanaosimamia mabeseni ya kunyaushia majani. Wao wanajua ukubwa wa zile feni, na wanajua umeme unaoliwa usiku kucha kwa kusukuma hewa tu ipite katikati ya majani. Hewa ni kitu. Katika miinuko yetu hii, hewa inayojaa sanduku la mita moja kila upande ina uzito wa karibu kilo moja. Lori kubwa lenye upana wa mita mbili na nusu na kimo cha mita nne linapokwenda kilomita moja, linalazimika kusukuma kando tani 10 za hewa. Tani 10 kila kilomita! Hakuna anayezipakia na hakuna anayezipakua, lakini injini inazilipia kwa mafuta.

Kanuni ya pili ni hii, na tunaomba kila mwanachama aishike, maana ndiyo shina la maneno yetu yote. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Mwendo ukiwa mara tatu, nguvu ya hewa ni mara tisa. Ndiyo sababu upepo mdogo hupeperusha leso tu, na upepo wa mara tatu yake huezua bati.

Sasa tuwatazame wale wanaozijua kanuni hizi na kuzitumia.

Tarehe 12 Oktoba 1919 wazee wetu wasingeamini, lakini tarehe hiyohiyo mwaka 2019, katika bustani ya Prater mjini Vienna, nchini Austria, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni, kilomita 42 na mita 195, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuikimbia chini ya saa mbili. Magazeti yaliandika jina moja. Lakini siku ile walikimbia watu 42. Waongoza kasi walikuwa 41, nao hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Miongoni mwao alikuwamo Bernard Lagat, mwenye medali za Olimpiki, na ndugu watatu wa familia ya Ingebrigtsen kutoka Norwei.

Kazi yao ilikuwa nini? Kukata hewa. Mtu anayekimbia kwa mwendo ule, kilomita 21 kwa saa, anavutwa nyuma na hewa kwa nguvu iliyo kama uzito wa kilo moja hivi. Kilo moja ni kidogo. Lakini jaribu kuivuta kwa saa mbili huku unakimbia bila kupunguza mwendo. Kwa hiyo wataalamu walikaa na kuchora mpango. Watano walikimbia mbele ya Kipchoge, wamejipanga kama mabawa yaliyofunguka kwa mbele, na wawili walikimbia nyuma yake. Kundi likichoka, jingine likaingia. Mbele yao lilikwenda gari la umeme likimulika barabarani mistari ya taa kuonyesha kila mtu mahali pake. Hakuna aliyeachiwa kubahatisha.

Elimu hiyo haikuanza Vienna. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Griffith Pugh, yuleyule aliyekuwa katika msafara wa mlima Everest wa mwaka 1953, alitangaza matokeo ya vipimo vyake. Aligundua kwamba mkimbiaji anayekwenda mita 6 kwa sekunde, akikaa mita moja nyuma ya mwenzake, anaondolewa asilimia 80 ya nguvu ya hewa, na mwili wake unaokoa kiasi cha asilimia 6 ya kazi yake yote. Tafsiri yake ni nyepesi: aliye mbele amebeba sehemu ya mzigo wa aliye nyuma.

Wakubwa wa riadha wanalijua hilo kiasi kwamba wamelitungia sheria. Muda ule wa Vienna haukuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa sababu waongoza kasi walikuwa wakiingia na kutoka kwa zamu. Katika mbio za mita 100, upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, muda hauhesabiwi kuwa rekodi. Ndugu yetu wa Uganda, Jacob Kiplimo, alipokimbia nusu marathoni mjini Barcelona mwezi Februari 2025 kwa dakika 56 na sekunde 42, maneno mengi yalizuka juu ya gari lililokuwa mbele yake: je, lilikuwa karibu mno kiasi cha kumkinga na hewa? Na Juni mwaka huohuo, Faith Kipyegon wa Kenya alipojaribu mjini Paris kukimbia maili moja chini ya dakika 4, alizungukwa na waongoza kasi 13 mbele na nyuma, na vazi lake lilikuwa limeshonewa vinundu vidogo ili hewa ipite vizuri. Hakufikia dakika 4, lakini alikwenda kasi kuliko mwanamke yeyote kabla yake, na muda huo nao haukuwa wa rekodi rasmi.

Tazameni basi, ndugu. Kwa ajili ya rekodi, upepo unapimwa kwa mashine na kuandikwa kwenye karatasi. Umbali wa gari na mkimbiaji unabishaniwa na dunia nzima. Je, nani amewahi kupima upepo unaompiga mchuma chai aliyesimama nyuma ya lori? Nani amewahi kuuandika?

Tukiacha miguu tushike baiskeli, jambo linakuwa wazi zaidi. Mwendesha baiskeli wa mashindano akiwa tambarare kwa kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya jasho lake inaliwa na hewa. Akijificha nyuma ya wenzake anaokoa theluthi moja ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo maana kila timu ina watumishi wake: watu wanaokaa mbele ya kiongozi saa nzima wakikata upepo, kisha wanaachwa nyuma wamekwisha, na mwingine anapanda jukwaani. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano ya Ufaransa, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua huko, na akatwaa jezi ya kijani. Tulifurahi sote. Lakini yeye pia alifikishwa karibu na mstari na migongo ya wenzake.

Na hapa kuna desturi ambayo sisi wa vyama vya wafanyakazi tunapaswa kuijua. Katika mashindano hayo, ni mazoea ya miaka mingi kwamba fedha za zawadi haziingii mfuko wa mshindi peke yake. Hukusanywa, zikagawanywa kwa wenzake wa timu, na mara nyingi hata mafundi wa baiskeli na wakandaji wa misuli hupata fungu lao. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wanajua kwamba aliyekata upepo alifanya kazi, na kazi hulipwa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Wageni waliishangaa milima ya Rwanda. Sisi tunaijua milima hiyo, ya Rwanda na ya Burundi pia, na tunawajua waendesha baiskeli wake wengine, wasio na jezi, wanaoteremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, na kupanda wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Hao pia wanaitumia hewa, bila mchoro wa mtaalamu. Lakini hewa ileile inawaua. Lori kubwa linapompita mwenye baiskeli, kwanza hewa ya mbele yake humsukuma nje. Halafu, ubavu unapopita, hewa humvuta ndani, kuelekea magurudumu. Wengi hujitahidi kupambana na msukumo wa kwanza, na wakati huohuo mvuto wa pili unawakuta wamekwisha kuinamia lori. Dereva aliyefundishwa jambo hilo huacha nafasi pana. Dereva anayekimbizwa na saa hana nafasi ya kuacha.

Turudi sasa kwenye lori letu na barua ya mistari michache.

Ubavu wa lori lile pamoja na turubai ulikuwa wa mita 6 kwa mita 2 na nusu, yaani mita 15 za mraba. Tanga la jahazi dogo! Upepo wa kilomita 35 kwa saa ukiligonga ubavuni, husukuma kama uzito wa kilo 75. Upepo wa kilomita 70 kwa saa, ambao dhoruba zetu za mchana hufikia, husukuma kama kilo 300. Ni ile kanuni ya mara mbili kuwa mara nne. Na msukumo huo unashika juu, si chini. Unataka kulilaza lori, si kulitelezesha tu. Lori lenye majani yaliyoshindiliwa chini lingeshikilia barabara. Lori tupu ni jepesi, na watu waliosimama wamepandisha uzito juu. Kwa maneno mengine, utaratibu wa kampuni ulichukua gari katika hali yake dhaifu kuliko zote, ndipo ukapakia watu.

Kisha kuna mwendo. Gari linalokwenda kilomita 70 kwa saa linapita mita 19 kila sekunde; linalokwenda 40 linapita mita 11. Dereva akishtushwa na upepo, sekunde moja ya kwanza hana la kufanya. Katika sekunde hiyo, mita 19 katika barabara ya kilimani ni bonde. Watengenezaji wa magari ya mashindano hufunga mabawa yaliyogeuzwa ili hewa iyakandamize magari chini yashike barabara. Lori la shamba halina bawa. Kinga yake ni mwendo mdogo, mzigo ulio chini, na dereva asiyetishwa.

Na walio nyuma? Mtu aliyesimama wazi kwenye lori la kilomita 40 kwa saa anasukumwa na hewa kwa kilo 3 au 4. Kwa kilomita 80 ni kilo 14 hivi, huku mikono imeshika chuma chenye umande na mwili umelowa. Utingo anayelazwa juu ya magunia ndiye anayepata zaidi ya wote, na yeye mara nyingi hata jina lake halimo katika orodha ya mishahara. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema watu wa zamani; siku hizi mzigo wa upepo mpe utingo.

Hatusemi kampuni iuzuie upepo. Tunasema kampuni ilichagua gari, ilichagua mwendo, ilichagua kuwasimamisha watu, ilichagua kumkaripia dereva. Upepo haukuchagua lolote katika hayo.

Wako wenzetu wanaotuambia: “Hao wakimbiaji wa Vienna walilipwa, mnawalilia nini?” Hatuwalilii. Hao ndio mfano wetu. Kazi yao ilitajwa, ikahesabiwa, ikawekewa zamu, na ikalipwa. Wengine wanasema kwamba hesabu za hewa ni mambo ya wasomi, chama kibaki na mishahara. Tunawajibu kwamba mkono usioinuka hauchumi, na asiyechuma hana mshahara wa kugombea. Wengine tena wanasema gari likienda polepole tutafika nyumbani usiku. Hoja hiyo ni ya kweli na inatuuma. Lakini dawa yake ni lori la pili, na saa za safari kuhesabiwa kuwa saa za kazi. Hata kwa mwenye mali kuna faida: kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nguvu ya hewa inakaribia kuongezeka mara mbili, na mafuta ya kuishinda hutoka katika mfuko wake.

Wala hatudai jambo geni. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, juu ya usalama na afya katika kilimo, unasema kwamba mitambo na vyombo vya kilimo visitumiwe kusafirishia watu isipokuwa viwe vimetengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo. Hatuna haja ya kungoja hadi kila serikali ya jirani iuridhie. Kinachoandikwa Geneva kinaweza kuandikwa pia katika mkataba wetu wa hali bora ya kazi, tukikaa mezani na kukidai.

Kwa hiyo tunapendekeza matawi yote yapeleke madai haya matano:

1. Wafanyakazi wasafirishwe wakiwa wamekaa, katika gari lenye viti vilivyofungwa na kuta imara. Asisimame mtu, na asipande mtu juu ya mzigo.

2. Mwendo wa gari la wafanyakazi uandikwe katika mkataba, na uwe mdogo zaidi katika barabara za kilimani zilizo wazi kwa upepo.

3. Dereva awe na haki ya kusimamisha gari dhoruba inapokuja, bila kukatwa mshahara wala kuandikiwa barua ya onyo.

4. Utingo aandikwe kazini kama mfanyakazi yeyote, apate nafasi yake ndani ya gari na haki zake za fidia.

5. Malipo ya dereva kwa idadi ya safari yakomeshwe, maana ndiyo yanayomsukuma kushindana na hewa kwa roho za watu.

Shauri la fidia la wenzetu wanne bado linafuatiliwa, na chama hakitaliacha. Lakini tusingoje lori la pili lianguke. Kila tawi lichukue futi ya kupimia, lipime ubavu wa lori lake na kimo cha turubai, lihesabu watu wanaosimama, liandike mwendo kama mshale unavyoonyesha, na litaje mahali ambapo miti ya kukinga upepo inakwisha. Karatasi hiyo iletwe mkutanoni. Siku uongozi utakapotuandikia tena juu ya kazi ya Mungu, tutaiweka mezani, nasi tutauliza ni yupi kati yetu aliyekuwa hajui.

Umoja ni nguvu.